Mashine Mbili Uani kwa Memsahibu

Kwa miaka tisa Absalom alikuwa dobi wa nyumba kubwa kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru. Basi lori la duka moja la Thika liliposhusha mashine mbili za kufulia uani, alianza kuhesabu siku zake. Kazi ikiisha, chumba chake kwenye laini za wafanyakazi nacho kinakwenda.

"Wewe jua nguo, Absalom," Memsahibu akasema. "Jaribu zote wiki hii, halafu ambia mimi ipi nzuri."

Haya! Mtu anapewa visu viwili aseme kipi kitamchinja vizuri.

Ya kwanza ilifunguliwa juu, kama sufuria. Unatumbukiza nguo, unachungulia, unaongeza shati ukilikumbuka, na kukamua unakamua mwenyewe. Bila mtu haifiki popote. Absalom aliipenda kuliko alivyotaka kukiri.

Ya pili ilikuwa na mlango wa kioo mbele. Alipokumbuka soksi moja, akaufungua kwa mazoea ya dobi, na maji yakammwagikia mpaka viatuni. Nyawira, yaya wa nyumba ile, alicheka hadi akakaa chini. Lakini ukiiacha imefungwa, ilifua, ikasuuza, ikakamua yenyewe, na kola zikatoka safi. Hilo ndilo lililomuuma.

Akajipangia jibu: ya juu. Angesema hii nyingine inakula vifungo, nani angebisha?

Alhamisi alifua mapazia na mablanketi kwa ile ya juu kutwa nzima. Jioni alimkuta mkewe Selpha ameketi mlangoni, mimba ya miezi minane imemchosha.

"Baba Jared, mfereji wa laini umekauka tangu saa tano. Nimeshuka mtoni mara mbili na tumbo hili. Mnafanya nini huko juu?"

Absalom alijua. Nyumba kubwa na laini zilitumia tangi moja, na dobi huhesabu maji hata asipotaka: ile ya juu madebe kumi kila ikifua, ya mbele manne tu. Aliona haya, haya ya kweli.

Asubuhi Memsahibu akauliza, "Ipi?"

"Ya mbele. Maji kidogo, na nguo zinatakata."

"Hii nafanya kazi peke yake?"

Hapo bado angeweza kujiokoa. "Peke yake, Memsahibu."

Memsahibu akafurahi. Akamwambia amfundishe Nyawira, na mwisho wa mwezi atampa barua nzuri ya kutafutia kazi kwingine. Absalom akamfundisha bila kumficha kitu: sabuni kiasi gani, mifuko ikaguliwe vipi, mlango usiguswe mpaka maji yaishe. Safari hii Nyawira hakucheka.

Jioni alimweleza mkewe yote, akingoja afokewe.

"Mwisho wa mwezi nitakuwa nimejifungua," Selpha akasema. "Angalau mtoto ataoga maji ya mfereji kabla hatujahama."