Nibishie

Sijawahi kuelewa kwa nini watu wazima watatu, wasio na gari hata moja kati yao, wakae sebuleni kwangu Ijumaa nzima wakigombania magari ya watu wengine. Kinyozi anaendesha baiskeli. Fundi anashinda uvunguni mwa magari ya wateja, lake mwenyewe aliliuza zamani. Na mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Dalali kwa sababu kazi yake ni kupiga mnada wa fanicha na vyombo vilivyotumika, huenda kazini kwa miguu. Lakini wasikie wakizungumza! Utadhani wenye timu wenyewe wamekuja kwangu kunywa chai.

Mbio zilikuwa zianze kesho yake mchana. Ni zile za saa ishirini na nne: gari moja, madereva watatu wanapokezana usukani mchana na usiku, na anayeshinda ni yule atakayekuwa amezunguka uwanja mara nyingi zaidi saa zikiisha. Siku nyingine yoyote ningewaacha wapayuke. Lakini kesho hiyohiyo asubuhi mume wangu alitakiwa kulazwa hospitali, na Jumatatu apasuliwe. Daktari alishatueleza bila kuzunguka. Saratani imeshika kisanduku cha sauti, kitolewe chote, na yeye atapumulia tundu shingoni. Akipasuliwa sasa, ana miaka mbele yake. Asipopasuliwa, daktari aliinama akachezea kalamu, nasi tukaelewa. Ila sauti ndiyo basi, haitarudi.

Tarehe ya kwanza aliikwepa, akasema ana mnada mkubwa. Hii ya pili tuliipata kwa kubembeleza, na muuguzi akanivuta pembeni akaniambia, "Mama, mkiipoteza na hii mnarudi mwisho wa foleni." Halafu Alhamisi jioni bwana mkubwa ananijia na jipya: wodini hakuna televisheni, kwa hiyo ataripoti hospitali Jumatatu, mbio zikishakwisha. Nikamwambia Jumatatu ndiyo siku ya kisu, mtu haji na mfuko wake kisu kikiwa tayari mezani. Akasema, "Basi tutaona." Mimi nimeishi na huyu mtu, naijua hiyo "tutaona" yake. Hiyo ni hapana iliyovaa suti.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwomba, nikamgombeza, nikamlilia, nikamnunia. Nilimletea dada yake mkubwa, ambaye hata mbwa wa mtaani wanamwogopa, na mume wangu akamchekesha mpaka wifi yangu akasahau alilojia. Akaondoka anajifuta machozi ya kicheko. Mimi nikabaki na ya kwangu.

Cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha, kwa hiyo Ijumaa ile sikuwa na pa kukimbilia. Nilikuwa namshonea shati la hospitali, lisilo na kola, linalofunguka mbele mpaka chini kama muuguzi alivyonielekeza. Mume wangu aliangalia kila kitu mle ndani isipokuwa lile shati.

"Mwaka huu Kijani wanachukua," alikuwa akisema, akiisifia timu yake. "Andika ukutani."

Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo. Sauti ambayo ilikuwa inasimama juu ya stuli na kuuza kabati lenye mlango mmoja kwa bei ya milango mitatu, sasa ilibidi uinamishe kichwa uisikie. Wenzake waliinamisha vichwa bila kujionyesha kwamba wanainamisha.

"Kijani?" Kinyozi akaruka. Huyu ni shabiki wa Wekundu tangu wangali vijana, na yeye na mume wangu hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya juma. "Ile mboga? Gari linatembea kama mwalimu mkuu anayekagua madarasa! Wekundu wana injini mpya, wana matairi ya kula kona, wana yule binti anayeendesha usiku kama mchana. Wewe Kijani una nini?"

"Nina mafuta kwenye tangi. Wewe binti yako ataingia gereji kunywa kila baada ya dakika mbili. Mwenda pole hajikwai, bwana."

"Mwenda pole anafika watu wameshaosha vyombo."

Fundi, ambaye huzungumza kidogo na kuguna sana, akasema kwamba mwaka huu yeye ana jicho na Weupe, wale wenye gari la injini na umeme pamoja. "Linatoka gereji kwa umeme mtupu. Kimya. Injini inakuja kuwaka mbele huko."

"Gari lisilonguruma!" Mume wangu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Hilo ni friji lenye magurudumu."

Wakacheka wote. Mimi nyongo ilinipanda, nikakanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu mpaka meza ikatetemeka.

"Shemeji," Kinyozi akanigeukia, "na hiyo cherehani imo mashindanoni?"

"Imo, na inaongoza. Nyinyi endeleeni na soga. Kuna watu kesho wana safari, na mfuko haujafungwa."

Fundi akaangalia kikombe chake. Mume wangu akaangalia dirisha. Nikajisemea moyoni, hawa wamekuja kupanga kesho watakaa kiti gani na nani ataleta karanga. Marafiki gani hawa? Mtu anazama, wao wanamsifia maji. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niwafukuze na vikombe vyao mkononi.

Kinyozi akakohoa. "Dalali, hebu nikumbushe ya mwaka juzi."

Jamani! Mwaka juzi naijua kwa moyo, nimeisikia kuliko sala. Lakini mume wangu alishanyanyuka kitini. Hiyo ndiyo hadithi yake, anaipiga mnada, anaiuza kila mara na kila mara anaipandisha bei.

"Alfajiri," akaanza, mkono juu. "Kijani linaongoza. Wekundu wako nyuma yake, wanaziona taa zake. Mara giaboksi ya Kijani inaanza kulia, wiii, wiii, kila akibadilisha gia. Dereva anasema kwenye redio, linalia. Mkuu wa mafundi anamwambia ingia gereji. Dereva anasema, tunaongoza! Mkuu anamwambia, gari likilia, liingie. Akaingia. Wakaifungua giaboksi yote, nzima, wenzao wanazunguka tu, wanawapita, wanawapita. Watu huku wanatucheka. Huyu Kinyozi alinicheka mpaka akalala chini, uongo?"

"Kweli," Kinyozi akasema.

"Wanatoka, wako wa kumi na moja. Wa kumi na moja! Kidogo kidogo, mmoja mmoja. Na Wekundu sasa ndio wanaoongoza, na wao giaboksi inalia vilevile, na wao wanaambiwa ingia. Dereva akafanya nini?"

"Akazima redio," Fundi akasema.

"Akazima redio! Hataki kusikia! Imebaki saa moja, moshi. Gari limesimama majanini, yeye amekaa kando yake na helmeti mapajani. Kijani wakamaliza wa tatu. Wakapanda jukwaani." Akakaa, anahema, mkono kooni. Ilikuwa imemgharimu. "Sasa sema lile neno lako. Sema alikufa kiume."

Maana hilo ndilo huwa jibu la Kinyozi. Miaka yote miwili amesimama palepale: yule dereva alikufa kiume, bora kufa unaongoza kuliko kuchechemea mpaka mwisho. Wamewahi kununiana juma zima kwa ajili hiyo.

Kinyozi akaweka kikombe chini polepole.

"Hapana," akasema. "Nakukubalia. Wekundu walikosea. Gari likilia, liingie."

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali.

Mume wangu alipigwa na butwaa. Kwanza uso ulimng'aa, kama mtu aliyeuza kitu alichokwisha kukata tamaa nacho. Halafu akamwangalia Kinyozi, akamwangalia Fundi, ambaye alikuwa anachunguza zulia kana kwamba limedondosha boliti. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, akaliangalia shati lililokuwa mikononi mwangu.

"Alaa," akasema. "Kumbe mmekuja na kazi."

"Tumekuja kuzungumza magari," Kinyozi akasema, lakini sauti ilimwisha njiani.

"Msinifanye mtoto! Gari, gari! Gari likitoka gereji linanguruma! Mimi nitatoka nini? Mimi nitatoka bubu!" Akapiga kifua chake. "Nitauza nini? Nitamwita nani? Muuguzi ananiambia kuna kifaa cha kuweka shingoni, nimekisikia, kinakoroma kama redio ya betri mbovu. Ndiyo nisimame mnadani na hicho? Mtoto wangu aliye mbali apige simu akisikie hicho?"

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia. Siku zote hizo ninazomgombeza, alinipa mizaha tu. Mficha maradhi kilio humfichua, na sasa mume wangu alikuwa analia mbele ya marafiki zake, mdomo wazi, na hata kilio chenyewe kilikuwa mkwaruzo. Nikaweka shati kando ili niinuke nimshike.

Fundi akaniwahi. Bila kuinua macho, na kwa ule utaratibu wake wa kukupa habari za pampu ya maji, alisema, "Weupe wanatoka gereji kimya. Na mwaka jana ndio walioshinda."

Nikasema sasa hapa ndipo atatufukuza sote.

Mume wangu akatoa mlio mmoja wa ajabu. Ulikuwa kicheko. "Yaani Fundi, wewe unataka nirudi hapa kama friji?"

"Lenye magurudumu," Fundi akasema.

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mume wangu akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Kinyozi, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Wewe sikiliza. Unajua kilichonitisha leo kuliko kisu? Ni hiyo nakukubalia yako. Nimekaa nikaona kesho na keshokutwa itakavyokuwa. Nitaandika kwenye karatasi, Kijani ni bora, na wewe utasoma, utanionea huruma, utasema ndiyo, Dalali, kweli kabisa. Nikuambie kitu? Hapo ndipo nitakapokufa. Hapo, si hospitali."

Kinyozi alikuwa analia wazi sasa, mtu mzima, mikono yake ya kunyolea watu imetulia mapajani.

"Nitakwenda," mume wangu akasema. "Kesho nitakwenda, nipasueni mnavyotaka. Lakini uniapie hapahapa mbele ya mke wangu. Utanibishia. Nikiandika, utabisha. Nikipiga meza, utapiga yako. Nikitumia hicho kikoromo chao, utaniambia kelele, sikusikii, na hata ungesikika bado ungekuwa mjinga. Usinikubalie. Nibishie."

"Haki ya Mungu nakuapia," Kinyozi akasema. Akapenga kamasi kwa nguvu, akanyoosha kidole. "Na kuanzia sasa, yale niliyosema nimeyafuta. Yule dereva alikufa kiume. Kijani ni mboga, ilikuwa mboga na itaoza mboga. Jumapili nakuja wodini na matokeo, na ukiwa wa nne hata pole sikupi."

"Njoo tu. Utakuja umevaa nyekundu yako iliyoshindwa, na wauguzi watadhani umefiwa."

Wakaendelea, nami nikamalizia mishono iliyobaki bila kuona vizuri ninaposhona. Walipoaga, niliwasindikiza hadi mlangoni. Nikamuuliza Kinyozi, "Kwa hiyo mlipanga?"

"Tangu jana, shemeji. Sikulala. Hujui ilivyoniuma kutamka kwamba Wekundu walikosea." Akapanda baiskeli yake, akamshusha Fundi aliyetaka kudandia nyuma, wakaanza kugombania hilo nalo mpaka wakapinda kona.

Niliporudi ndani, mume wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule na mfuko wa safari mkononi, anatafuta zipu yake iko upande gani. Nikamchukua mfuko, nikaufungua. Tukapanga vitu: taulo, kandambili, mswaki, picha ya mtoto. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitabubujika, na yeye alishabubujika vya kutosha kwa siku moja.

"Na wewe, mama watoto?" akauliza. "Utanionea huruma?"

"Mimi?" Nikashika kiuno. "Mimi lini niliwahi kukukubalia kitu?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akakaa ukingoni mwa kiti akipangusa macho, akasema basi kesho tutaondoka saa moja.

"Saa kumi na mbili," nikasema.

"Saa kumi na mbili hospitali haijafunguliwa."

"Hospitali huwa inafungwa, bwana? Ni duka la viatu?"

"Mapokezi, mama. Nasema mapokezi."

"Mapokezi wanalala wapi, kwa mama yako?"

Tuliendelea hivyo wakati wa kula, na tulipozima taa bado tulikuwa tunaendelea. Asubuhi tuliondoka saa kumi na mbili. Njia nzima alininung'unikia kwa ule mkwaruzo wake kwamba tumewahi mno, na njia nzima nilimbishia, ili aendelee.