Kufa kwa Kuchunga Suti

Mama Rachael ndiye peke yake mwenye televisheni katika ploti yetu ya kupanga hapa Kangemi, kwa hiyo Jumapili hiyo ilitubidi kumsifu kaka yake mdogo. Tobias alikuwa ameigiza katika mchezo mpya, na jioni hiyo angekufa kwa risasi. Nilikaa mahali pangu, mwisho wa benchi karibu na mlango, nikiwa nimeapa kutofungua mdomo. Jumatano iliyofuata ndiyo ingekuwa mwisho wa kile kipindi cha Meksiko tulichokifuata tangu mwaka jana, na ukimuudhi Mama Rachael hukanyagi tena kwake.

Mchezo ulianza. Mungu wangu! Tajiri wa mtaa wa Karen alikuwa anakula kwenye sahani za plastiki, na kivuli cha mpiga kamera kilitembea ukutani kama mpangaji mwingine. Mke wa tajiri alilia bila machozi, akajipangusa, akachungulia kando kuuliza kama inatosha. Mfanyakazi wa nyumbani, kama kawaida ya michezo hii, alikuwa Mkamba mjinga anayeunguza kila kitu. Watu walicheka wakinitazama mimi, Mkamba wa ploti. Nikatazama miguu yangu.

Kisha jambazi akatoa bastola. Paa! Tobias akashika kifua, akaangalia sakafu, akachagua mahali. Halafu, kabla ya kupiga magoti, akavuta suruali juu kidogo kwa vidole viwili, mguu mmoja kisha wa pili, kama wanaume wanavyofanya wakikaa kanisani ili mstari wa pasi usiharibike. Ndipo akafa.

Nilijua kwa nini. Suti ilikuwa ya harusi ya Baba Rachael. Mimi ndiye niliyeipiga pasi, na nilimsikia Mama Rachael akimwonya, "Irudi vile imeenda."

"Woi, Tobi!" Mama Rachael alifuta macho kwa leso. "Hata mimi nimeamini. Ama namna gani, Mama Ogutu?"

"Kabisa! Huyu sasa ni staa," alijibu jirani yangu wa benchi.

Tobias mwenyewe alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Akanigeukia. "Na wewe Mwelu? Wewe huwa huongei. Nilikufa poa?"

"Ulikufa vizuri," nilisema.

"Vizuri aje? Niambie ukweli."

Hapo ningenyamaza tu. "Mtu wa risasi havuti suruali," nikasema.

Kisha Mama Ogutu, yule yule wa staa, akapasuka kicheko. "Aki alivuta! Nimeona! Alivuta kama anakaa kwa mkutano wa harambee!" Benchi zima likatikisika.

Mama Rachael hakucheka. "Shule ilikushinda darasa la tano, sasa ni wewe unafunza watu kuigiza? Jumatano utafute TV yako."

Jumatano nilikuwa uani nikisuuza nguo, na muziki wa kipindi ukipita kwenye mabati. Mlango ulifungwa. Mama Rachael alikuwa anawatafsiria wenzangu kwa sauti: "Anamwambia yeye ndiye mama yake!" Nikabeua mdomo. Katika kipindi kile kila mtu alikuwa ameshakuwa mama wa kila mtu. Hata hivyo niliacha kukamua ili nisikie.

Tobias akaingia langoni, na suti ile ile mwilini. "Wamenirudisha," alisema. "Sasa mimi ni pacha wa yule alikufa."

"Na pacha naye ana suti moja?"

"Wacha hiyo. Angalia."

Akarudi nyuma, akashika kifua, akaanguka wima kama nguzo, moja kwa moja ndani ya dimbwi la maji yangu ya kufulia. Matope yakaruka hadi kwenye kamba ya nguo. Povu likamwingia sikioni, asitikisike.

Kishindo kilifungua mlango. "Uuuwi! Tobi! Ndugu yangu!" Mama Rachael alipiga magoti matopeni na kuanza kulia, machozi ya kweli kabisa. Benchi zima likamfuata nje.

Tobias akafungua jicho moja, akaniangalia. "Sasa je?"

"Afadhali," nilisema.

Hapo dada yake akaacha kulia na kuiona suti. Sikungoja. Nilipanguza mikono kwenye sketi, nikaingia ndani, nikakaa mahali pangu. Benchi lote lilikuwa langu. Huko Meksiko walikuwa kanisani tayari. Bwana harusi alikuwa amenyoa ndevu, ungedhani ni mtu mwingine, na bibi harusi alikuwa analia bila machozi.

Nilitazama mpaka maandishi ya mwisho, yale ya majina ya waigizaji, yalipoisha.