Mama Amelala Mpaka Sherehe Iishe

Mama yake Nengah Rapet alikata roho alfajiri, siku ambayo Nengah alitakiwa kucheza Rangda, malkia wa wachawi, hekaluni. Kerta, baba yake mkubwa, aliufunga mlango wa chumba kabla mtu hajapata nafasi ya kulia.

"Amelala," alisema.

"Baba mkubwa, mwili umeshapoa."

"Nimesema amelala. Ukilitamka lile neno, nyumba nzima ina mkosi, na mwenye mkosi haingii hekaluni. Kinyago cha Rangda atavaa nani? Mimi na goti hili?" Akashusha sauti. "Kikirudi kapuni mwake leo, sherehe imeisha; utalia utakavyo. Nitalia nawe. Alikuwa shemeji yangu."

Hapakuwa na mwingine aliyewekwa wakfu kukivaa. Nengah akanawa uso, akaenda.

Uani mwa hekalu rafiki yake Gede alimfunga vazi la manyoya. "Leo mama yako hajaja kuniambia nakufunga kama nguruwe wa sokoni."

"Amelala."

"Saa hizi? Yule anayewaamsha majogoo?" Gede alicheka huku akikaza mkanda. "Mwambie pamepoa bila matusi yake."

"Nitamwambia."

Ndani ya kinyago mlinuka ubani na jasho la zamani. Matoazi ya shaba yalipoanza kulia, Nengah alifungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ile aliyofundishwa. Rangda huunguruma; huyu aliomboleza. Waliokuwa wakinunua karanga wakaacha. Wachezaji wenye majambia walimrukia, wakaanguka wakitetemeka kabla hawajamfikia. Alizunguka uwanja kama mtu anayetafuta mlango, na wanawake wasiofiwa na yeyote wakafuta machozi.

Alipovuliwa, kuhani alikuwa ameshapandwa na mungu, macho yamefumbwa, sauti si yake.

"Nimeridhika. Sijachezewa hivi miaka mingi. Kinyago kisirudi kapuni. Huyu acheze tena kesho, na keshokutwa."

Kijiji kizima kikainamisha vichwa kwa shukrani. Gede akampiga Nengah begani, akiona fahari. Kerta alikuwa akitazama chini.

Walirudi nyumbani, jua bado kali. Mlangoni Kerta alianza, "Mwanangu," asimalize.

Nengah aliingia peke yake. Akafukuza nzi, akamfunika mama vizuri. Kisha akachukua ndoo, akatoka kutafuta barafu kabla wauza samaki hawajafunga.