Marvin Naye Apakuliwe

Usijifanye hukuona. Ulikuwa kwa Shosho Wanja pale Kimbo, chini ya hema, sahani mapajani. Nelima alipofungua kifungo cha shati la mwanawe na mpira mdogo anaolishiwa ukachungulia tumboni, uligeuka ghafla kutafuta soda. Basi sikiliza ulichokikimbia.

Katika boma la Shosho Wanja, wajukuu hawajipakulii mukimo, vile viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Shosho huketi kando ya sufuria, huwaita mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja humpa kijiko cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo aliita na kuita. Alipofika kwa Marvin, mtoto wa miaka sita kwenye kiti cha magurudumu, akaita anayemfuata.

Macharia, babake Marvin, akatazama viatu vyake. Nelima hakuwa na wakati wa viatu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye spika, akachomoa waya, akachomeka blenda aliyoibeba kutoka Mwihoko. Muziki ukafa.

"Ngai! Nani amezima?" Shosho akauliza.

"Ni mimi, Shosho. Umeruka mtu."

"Nimwite aje na mdomo wake haumezi?"

"Mdomo haumezi. Tumbo linakula."

Ngendo, dadake Macharia, akacheka kwa pua. "Si anunuliwe yale maziwa ya mkebe? Ama unataka kuziba huo mpira tena?"

"Tena?" Nelima akamgeukia. "Nani aliuziba? Krismasi nilienda kuchota maji, wewe ukamwonea huruma, ukamsukumia mukimo na maganda ya mahindi yake yote, kama mtu anayeshindilia gunia! Tukamkimbiza hospitalini Thika abadilishiwe mpira. Ukarudi hapa ukitangaza ati chakula changu kinaua mtoto. Na hayo maziwa ya mkebe alikuwa akiyatapika mwaka mzima, hukupangusa hata tone. Mimi nilionyeshwa kumsagia na kumchujia na mtu wa lishe pale kliniki. Wewe ulionyeshwa na nani?"

Ngendo akainamia sahani yake.

"Shosho, mwite jina." Nelima akamnyoshea bakuli la Marvin, tupu. "Ukikataa, hatukanyagi hapa tena. Mwanangu haji huku kutazama wenzake wakila."

Macharia hatimaye akainua macho, akamtazama mamake. "Mathe, mwite."

"Marvin wa Macharia," Shosho akaita, shingo upande. Mtoto kusikia jina lake, akarusha miguu, akapiga kelele ya furaha. Shosho akashtuka. Akaita tena, safari hii vizuri.

Mukimo ukasagwa na supu ya mifupa, ukachujwa na kuchujwa tena kwenye chujio la matundu madogo, maganda yote yakabaki. Shosho mwenyewe akamimina kijiko cha kwanza kwenye bomba la plastiki lililochomekwa kwenye ule mpira. Kikateremka polepole. Marvin akabeua kama mzee aliyeshiba mbuzi.

Ngendo akauliza kama muziki unaweza kurudi sasa. "Ngoja," Nelima akamwambia. "Hajamaliza."

Na wewe? Kwenye ploti yenu kuna mtoto anayefichwa chumba cha nyuma wageni wakija, na mama yake amechoka kueleza. Unamjua. Weka hiyo sahani chini, nenda ukabishe, muulize analishwaje, umlete mezani mnapokula. Usiniambie kesho. Simama!