Mkia Ulionyofolewa

Nguruwe watano wa mama mkwe walishushwa machinjioni saa mbili asubuhi, na mkaguzi wa nyama, aliyeolewa na mwana wa mama huyo, aliwatambua kabla hajaambiwa ni wa nani. Alisimama kwenye zizi la kusubiria akawatazama wanavyotembea. Wanne walikuwa wazima: hawachechemei, hawahemi, ngozi haina madoa mekundu. Wa tano alikuwa amenyofolewa mkia na wenzake. Kilibaki kisiki chenye kidonda kikavu, na alipoinuka, miguu ya nyuma ilimsaliti kidogo.

"Huyo mchinjeni wa mwisho," alimwambia mchinjaji mkuu, mzee mmoja aliyeitwa Sindano kwa jinsi alivyokonda.

"Kwani kuna mteja anayenunua mkia?" Sindano aliuliza.

Kufika saa nne, nguruwe yule alikuwa ananing'inia kwenye ndoano, nyama yake ya kupendeza macho. Mkaguzi alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo. Karibu na nyonga vikakwama kwenye uvimbe. Akapasua, usaha mzito ukatoka, na harufu yake ikawafanya wachinjaji wageuze nyuso. Akayashika mapafu na kuyaminya: vinundu vigumu, kimoja hapa, kingine pale. Akakata kimoja, usaha uleule.

Jipu likiwa moja hukatwa, nyama nyingine ikapita. Haya yalikuwa yameshasafiri na damu mwili mzima.

Sindano alisogea, akapunguza sauti. "Huyu ni wa mama mkwe wako. Tukate hapo nyuma, mapafu tutupe, yaishe."

"Nikikufungia mbavu za huyu, utazipeleka nyumbani?"

Sindano alijikuna shingo. "Mke wangu ana pua kali."

"Basi ateremshwe."

Mama mkwe alikuwa amekaa getini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Habari ilimfikia kabla ya mkaguzi.

"Umemtupa nguruwe wangu?"

"Mmoja, mama. Wanne wamepita."

"Watu watasema mkamwana wangu ananikomoa."

"Njoo uone mwenyewe, ndipo waseme."

Alidhani mama atasusa. Mama akasimama, akaomba buti na koti, akaingia. Mkaguzi akamwongoza hadi kwenye mzoga.

"Weka kidole hapa, mama. Bonyeza."

Mama akabonyeza. Akaufuata uti wa mgongo mpaka kwenye kisiki cha mkia, kisha akarudi kwenye mapafu.

"Nilimpaka dawa," alisema. "Kidonda kikakauka, nikajua amepona."

"Juu kilikauka. Ndani kiliendelea."

"Wenzake wamemng'ata kwa nini?"

"Wamebanana. Hawana hata nyasi za kuchezea, wanatafunana wao kwa wao."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

Mkaguzi alitamani kumpoza kwa neno tamu, lakini hakulipata lililo la kweli. "Banda ni dogo, mama," alisema.

Mzoga ulimwagiwa rangi ili asijitokeze mjanja wa kuuiba, ukapelekwa shimoni. Mama alisimama ukingoni mpaka udongo ulipoufunika kabisa. Akavua buti, akazisafisha mwenyewe, akaondoka bila kuaga.

Alasiri mkaguzi alipotoka kazini alipitia kwa mama mkwe, amejiandaa kununiwa. Alimkuta mama anabomoa ukuta wa banda kwa nyundo, jasho linamtiririka, na mwanawe anabeba nguzo mpya. Nguruwe wawili kati ya waliobaki nyumbani, wenye mikia iliyochubuka, walikuwa wametengwa pembeni, juu ya nyasi kavu.

"Hao daktari wa mifugo anakuja kuwaona kesho," mama alisema bila kugeuka. "Mimi sitazika mwingine. Shika hiyo nguzo, usiniangalie tu."

Mkaguzi aliweka mkoba chini, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili.

"Inyooshe," mama alisema, akainua nyundo.