Gauni Thelathini za Upendo

Kwa miaka tisa mshonaji na mkataji hawakusemezana, na kazi ilikwenda vizuri ajabu. Waligombania feni, jamani, feni! Mkataji alikata vitambaa, akavisukuma mezani. Mshonaji akavipokea bila hata asante. Mshonaji alikuwa na mkono mzito, kila mshono ulikula kitambaa kidole kizima zaidi. Mkataji aliliona hilo, akawa anazidisha kidole kila kipande. Gauni ikitoka, inamkaa mtu sawasawa.

Basi bosi akaenda semina. Mtu akienda semina, waliobaki kazini wajiandae! Alirudi na mwalimu wa ushirikiano, bwana mwenye kalamu za rangi nne ambaye hajawahi kushona hata kifungo. "Mna ujuzi tofauti," akawaambia, "lakini mioyo haijaungana." Akawakalisha uso kwa uso, kila mtu atoe la moyoni.

"Dada, mkono wako mzito," alisema mkataji.

"Na wewe vipande vyako vinanibana, huniachii nafasi."

Wakalia, wakakumbatiana, mwalimu akapigiwa makofi. Wiki ile mshonaji alikula chakula cha mchana na mwenziwe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu awe mjane. Alifurahi, tusifiche. Alimweleza mkataji hata lile ambalo hakumwambia ndugu yeyote: kwamba mumewe alifariki wakiwa wamenuniana.

Kazi ya wiki hiyo ilikuwa gauni thelathini za wauguzi, na bosi alishasema zikiharibika mtu mmoja ataondoka. Mkataji ni shemeji yake bosi, kwa hiyo kila mtu alijua ni nani huyo. Mshonaji, kwa mapenzi, akapunguza mkono. Mkataji, kwa mapenzi, akaongeza kidole cha pili. Muuguzi wa kwanza alipojaribu gauni alijishika kiuno, akauliza, "Hapa naingia peke yangu au na zamu ya usiku?"

Bosi akatoa kitambaa kingine na siku tatu. Mwalimu akashauri wazungumze zaidi.

"Mwenzangu, kata kama zamani," mshonaji alisihi.

"Zamani nilikata kwa hasira. Sikumbuki nilikuwa nakataje."

Wakajaribu kwa tepu, kila kipande wakikipima na kuulizana. Hadi jioni wamemaliza gauni moja. Mshonaji akaanza kukusanya mikasi yake.

"Dada, tugombane," alisema mkataji.

"Acha utani."

Mkataji alisimama. Kisha akasema kwa sauti, karakana nzima ikisikia: "Mumeo alikufa amekununia. Nani angekulaumu wewe? Wote tungemlaumu yeye, kama tusingekujua ulivyo."

Mshonaji aliirudisha mikasi mezani. Alikaa kwenye mashine, akakanyaga pedali. Vitambaa vikaja vikisukumwa kama zamani, naye akavishona kwa uzito wote wa mkono wake.

Siku ya tatu gauni thelathini ziliwakaa wauguzi kama walizaliwa nazo. Bosi akamsifu mwalimu, mwalimu akataka picha ya timu. "Sogeleaneni kidogo," akawaambia, akitabasamu.

Mchana mkataji alikuja na sahani yake. "Dada, nilisema vile ili usifukuzwe."

Mshonaji alijua ni kweli. Alihamisha kiti chake, akala akitazama ukuta.