Lenzi ya Jicho Lililobaki

Ukiwasikiliza wateja wetu utadhani miwani ni kigoda. Kila anayeileta imevunjika husema, "Nimeikalia." Sikatai, wapo wanaoikalia kweli, na ya kwao naijua: imelala bapa, mikono yote miwili imetanuka, lenzi zimechomoka zikiwa nzima. Iliyoanguka naijua pia, humeguka ukingoni. Lakini fremu iliyoingia ndani upande mmoja tu, na kipande cha puani kimebonyea, hiyo haikukaliwa na mtu. Hiyo ilipigwa ikiwa usoni.

Basi yule mama alipoiweka miwani yake juu ya meza yangu na kusema ameikalia, nilimwangalia mwanawe.

Mwana alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kando ya masikio, shati limepigwa pasi, ananukia vizuri. Alikuwa amemshika mama yake mkono tangu mlangoni. "Polepole mama, hapo kuna ngazi." Dada wa mapokezi, ambaye mdomo wake hauna mlango, alishambandika jina siku nyingi: Radhi. "Mwana kama yule," aliniambia, "radhi za mama anazo mpaka za akiba. Wangu mimi hata simu hapigi." Mimi nakaa chumba cha nyuma, nasaga lenzi na kuzipachika kwenye fremu, na wateja huletwa kwangu mmoja mmoja niwapime uso. Manukato ya Radhi hayakunipumbaza. Ile ilikuwa miwani ya tatu, na zote tatu zilivunjika namna moja.

Jicho la kushoto la yule mama lilikuwa limeshakufa. Mlango wa kabati, walisema. Lililobaki, la kulia, nalo halikuwa zima. Bila lenzi nene hakuweza kujua mlango uko wapi ndani ya chumba alichokaa. Daktari wetu wa macho alikuwa amempima na kuandika namba ya jicho moja. Lile jingine ningeliwekea lenzi ya kusindikiza tu.

"Fundi," Radhi alisema, "mpe mama ile ya kisasa, nyembamba kabisa. Sitaki aonekane anachungulia kwenye kitako cha chupa. Bei usiniambie."

"Nyembamba ipo. Ila kwanza nimpime. Tupishe kidogo kaka, chumba chenyewe unakiona, tukikaa watatu mmoja atakalia mashine."

Alicheka, akatoka. Ana kicheko kizuri, Mungu amlaani.

Kupima umbali wa mboni kunataka kusogeleana. Niliishika rula mbele ya paji la uso wake, pua zetu karibu zigusane, naye akanong'ona bila kutikisa kichwa.

"Mwanangu, ipi ikivunjika haiingii jichoni?"

Nimeulizwa mengi katika kazi hii: ipi haichubuki, ipi inageuka nyeusi juani, ipi itanipunguzia pua. Hilo la yule mama huulizwa na watu wa kukata vyuma. Sikuwahi kuulizwa na mtu anayeshinda nyumbani.

"Anakupiga, mama?"

"Sikuja kuulizwa. Nimekuja kupimwa."

"Mama."

"Mtoto akikunyea mkono, mkono haukatwi."

"Mama, huyu ana mvi!"

Karibu acheke. Niliona mdomo umeanza, kisha ukarudi. "Ni damu yangu," alisema. "Nitaitupa wapi? Hasira zikimwisha analia, ananikanda miguu kwa maji ya moto. Wewe hujui. Niambie tu ipi."

Nikamwambia. Kioo hakichubuki ovyo, lakini kikivunjika ni visu. Ile nyembamba anayoitaka mwanawe inapendeza machoni pa watu, ila nayo hupasuka. Ipo plastiki ngumu, ile ya miwani ya kazi ya mafundi vyuma; ukiipiga hubonyea, haitoi vipande. Ni nene kidogo, na huchubuka upesi.

"Ichubuke," alisema. "Mimi nataka niwe naona."

Radhi nilimdanganya bila haya. Nilimwambia ile nyembamba imepitwa na wakati, siku hizi watu wenye nafasi zao wanavaa hii, hata marubani. Neno marubani lilimwingia. Alilirudia kwa dada wa mapokezi wakati analipa.

Walipoondoka nilikwenda kwa Daktari. Aliivua miwani yake mwenyewe akaanza kuifuta, jambo analofanya kila asipotaka kumwona mtu. "Ushahidi wako ni nini?"

"Fremu."

"Fremu haisemi. Mama mwenyewe anasema ameikalia. Haya ni mambo ya nyumbani kwa watu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu hapiti, Daktari. Anarudi nyumbani na mama wa watu."

Aliendelea kufuta. Nilikwenda polisi pia. Askari aliniuliza mlalamikaji yuko wapi, nikasema hajui kama nimekuja. Aliniangalia kama mtu aliyekosea ofisi, akaniambia nirudi naye.

Nikarudi kwenye mashine nikasaga lenzi ya jicho la kulia. Niliisaga kama nasagia jicho la mama yangu mzazi. Na nilipokuwa naipachika, ndipo likanijia jambo ambalo hata sasa likinijia mkono unasimama. Yule mama, kila miwani ilipovunjika, alikuwa anapata kutoka nyumbani. Kuvunjika kwake ndiko kulikomleta hapa, akakaa na mtu mwingine mlango umefungwa. Sasa mimi namtengenezea isiyovunjika. Nitamwona wapi tena?

Skrubu za mikono ya miwani huwa tunazitia tone la gundi zisizunguke. Ya mkono wa kulia sikuitia gundi, nikairudisha nyuma kidogo. Kazi mbovu, na niliifanya kwa makusudi. Italegea, mkono utachezacheza, mwana atachoka kulalamikiwa, atamleta.

Siku ya kuvalishwa nilimtoa tena Radhi kwa mzaha wa mashine. Yule mama aliibonyeza lenzi kwa kidole gumba, kama anayenunua parachichi.

"Sikiliza mama," nilisema, huku najifanya naweka mkono sawa nyuma ya sikio lake. "Hii italegea. Ikilegea, sema unataka kwa fundi. Usikubali mtu mwingine aikaze. Ukifika hapa nitaufunga huu mlango wa mbele. Ule pale unatokea mtaa wa nyuma. Dada yangu anakaa karibu, ana kitanda. Hutaulizwa na mtu."

Nje Radhi alikuwa anamchekesha dada wa mapokezi.

"Nitamwacha na nani?" alisema.

"Mama, kikulacho ki nguoni mwako."

"Najua kilipo. Mimi ndiye niliyeishona hiyo nguo." Kisha akanishika kiganja, akakibana kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mkono mwembamba vile. "Ikilegea nitakuja."

Tangu siku ile komeo la mlango wa nyuma sikulifunga mchana. Upepo ulikuwa unausukuma ule mlango, vumbi linaniingilia kwenye lenzi, nami nautukana upepo na kuuacha mlango wazi. Mvua zikaja, zikaisha. Kila mlio wa kengele ya mbele nilichungulia. Walikuja wa kukalia, wa kuangusha, wa kutafuniwa na mbwa. Nilikuwa naiombea skrubu ilegee, mimi mtu wa kujisifu kwamba kazi yangu hairudi.

Ilirudi. Alikuja nayo Radhi peke yake, ameifunga kwenye leso safi.

"Fundi, hongera! Lenzi hizi ni chuma. Tatizo skrubu tu. Mama kanisumbua, nipeleke kwa fundi, nipeleke kwa fundi, kila siku wimbo huo huo. Nikamwambia mama, skrubu tu hiyo, ya nini uhangaike na jua lote hili?"

Niliifungua leso. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia ndani. Kipande cha puani kimebonyea. Na kwenye lenzi ya kulia, mbele ya lile jicho lililobaki, palikuwa na mchubuko mrefu uliopinda, umechimba. Ufa haukuwepo. Lenzi ilikuwa imeshika. Nilichagua sawasawa, na sikupata furaha yoyote.

"Huu mkono umefanyaje?"

"Ameikalia."

"Na sasa hivi mama anaonaje, kama miwani iko hapa?"

"Aone nini? Amekaa kitandani. Nimemwambia asiinuke mpaka nirudi."

"Mlete mwenyewe. Miwani haikai sawa bila kuvalishwa."

"Nyoosha tu, fundi," alisema kwa upole. "Uso wa mama yangu naujua."

Nilitaka kumrushia ile miwani. Nilitaka kupiga kelele duka zima lisikie, mpaka na Daktari avae yake na kutazama. Lakini nilikuwa namwona yule mama ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, ameelekeza uso pale anapodhani mlango upo. Kila dakika niliyogombana na huyu, yeye alikuwa gizani. Nikiizuia, atakaa humo mpaka lini? Nikachukua koleo nikaunyoosha mkono. Niliunyoosha upesi na vizuri, Mungu ananiona.

Radhi alisimama begani kwangu akitazama, manukato yake yamejaa chumba. Nilipofika kwenye skrubu niliizungusha taratibu, nikaiacha kabla haijafika mwisho.

"Bado," alisema. "Kaza. Na gundi yako ile hapo."

Nikakaza. Nikatia gundi. Alishukuru, akaifunga miwani kwenye leso yake, akatoka. Nilimsikia pale mbele anauliza kitu, kabati la vioo likafunguliwa, wakacheka.

Mlango wa mbele ulipojifunga, dada wa mapokezi alikuja kusimama kwangu, uso umemjaa furaha.

"Mwana huyo, jamani! Kanunua bisibisi yake, ile ndogo ya skrubu za miwani. Anasema ikilegea tena ataikaza mwenyewe, mama asihangaike kuja huku."

Niliinuka nikaenda kulifunga komeo la mlango wa nyuma. Kisha nikalifungua tena.